Ng'ombe wa Umma pale Guta

Siku ile, kwenye zizi la ujamaa pale Guta, tulikuwepo hawa: mkaguzi, ambaye ndiye bosi wangu kutoka Musoma; dereva, aliyelala ndani ya Landrova; mimi, mbeba faili wake; mjomba wangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji; wadogo zangu wawili waliokuwa wakiishi kwake; na wanaume wa kijiji, kila mmoja ameegemea ng'ombe mmoja.

Hilo la mwisho peke yake lingetosha kufunga ukaguzi.

Kazi yetu haikuwa kukagua fedha. Tulizunguka Bunda mpaka Butiama tukiuliza swali moja lililowachukiza viongozi: hiki mnachosema mmekifanya, kinafanya kazi? Kijiji cha mjomba kilikuwa kimeahidiwa josho la kuogeshea mifugo dawa ya kupe, kama kweli kina mifugo ya pamoja na watoto wanapata maziwa. Mjomba akahutubia. Ujamaa aliumwaga kama uji wa msibani: mwingi, mwepesi.

"Hawa wote, Ndugu Mkaguzi, ni mali ya umma."

"Na hawa wanaume?"

"Wachungaji."

"Kila ng'ombe na mchungaji wake?"

"Ndiyo maendeleo yenyewe, ndugu."

Hapo ng'ombe mmoja mwekundu akajitoa kwenye mali ya umma, akaja kunilamba mkono. Nilikuwa nikimkamua tangu utoto. Baba alipokufa, na mama akamfuata, niliacha shule darasa la tano nikatafute kazi. Ng'ombe na wadogo zangu niliwaacha kwa mjomba, kwa desturi yetu: mtunzaji hunywa maziwa, na ndama jike mmoja huwa wake.

"Mnafahamiana?" mkaguzi akauliza.

"Huyo analambaga kila mtu," mjomba akadakia. "Anataka chumvi."

"Mbona mimi hajanilamba?"

"Anakuheshimu, ndugu."

Mkaguzi akanigeukia. Mjomba naye akanitazama. Mimi niliwatazama wadogo zangu, nikajiuliza usiku ule wangelala wapi.

"Ni wa marehemu baba," nikasema. "Hao wengine, muulize kila aliyeegemea."

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Wanaume walikwishaanza kuondoka, kila mmoja akiswaga wake, na nyuso zao zilionyesha nafuu. Josho likapelekwa kwingine. Mkutano uliofuata, mjomba akavuliwa uenyekiti.

Nilikwenda kuwachukua wadogo zangu kabla hawajafukuzwa. Nilimkuta mjomba anakamua.

"Unawapeleka wapi?"

"Musoma, chumbani kwangu."

"Hicho chumba kina ng'ombe?"

"Hakina, Mjomba."

"Basi waache hapa, mjinga wewe. Umeshaninyang'anya kiti, sasa unataka kuwanyang'anya watoto maziwa?"

Walikulia pale mpaka wakaoa. Ndama jike aliyekuwa haki ya mjomba alizaliwa, akafa kwa ugonjwa wa kupe, maana josho hatukuwa nalo. Hakunidai mwingine. Mpaka leo sijampa.