Mistari Myekundu ya Mzee Alois

Mzee Alois alikuja kibandani kwangu Msamvu na laptop ya marehemu mkewe, kaifunga kwenye kanga. Mi natengeneza simu na kompyuta. Uvumilivu sina, Msamvu nzima inajua.

"Shikamoo mzee. Imekufa?"

"Marahaba. Haijafa. Inanikataa."

Akafungua programu ya barua pepe. Humo kamwandikia barua binti yake, Rose, na kila neno lina mstari mwekundu chini. Ukurasa kama umechapwa viboko.

"Si utume tu? Hiyo mistari unaiona wewe, kule haifiki."

"Mke wangu alikuwa mwalimu, kijana. Karatasi yenye wekundu haikutoka nyumbani kwake."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Anaishi Matombo. Kwao Waluguru, nyumba na shamba ni vya ukoo wa mke. Mwanaume unaoa, unahamia. Sasa mkewe, Mama Rose, kafariki, na shemeji yake, mjomba wa Rose, anakuja Jumamosi kuuliza kama mzee anabaki au anarudi kwao. Mdalasini wote shambani kaupanda yeye, leo anaitwa mgeni. Rose ndiye wa ukoo wa mama; akisema baba abaki, anabaki. Ila Rose anasoma Algeria, simu inakatikakatika, na mambo ya ukoo huwezi kuongea huku unapiga kelele "haloo, haloo".

"Barua umeandika lini?"

"Tangu mvua zianze. Kila jioni naifungua, naiona ilivyo, naifunga."

Hapo nikawaka. "Mzee! Unataka kufukuzwa kwako kwa sababu ya mistari?"

Maimuna wa chapati, kibanda cha pili, akadakia: "We Sufiani, utamuua mzee wa watu kwa makelele!"

"Geuza chapati yako, inaungua!"

Nikaingia kazini. Kile kinachokagua maneno kilikuwa kimewekwa Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili chote kinaonekana makosa. Nikapakua kamusi ya Kiswahili, nikazima programu, nikawasha. Mistari ipo vilevile. Nikapiga meza ngumi.

"Na meza nayo imekukosea nini?" Maimuna tena.

Nikazunguka kwenye mipangilio yote mpaka jasho. Kumbe lugha unaichagua ndani ya barua yenyewe. Kamusi ilishaingia, imekaa tu, hakuna aliyeituma. Nikabofya Kiswahili.

Wekundu ukafutika wote, ukabaki chini ya neno moja tu: lukolo. Ndio ukoo, kwa Kiluguru.

"Hilo naliongeza kwenye kamusi, dakika moja tu."

"Liache." Akalitazama sana. "Kila nilichoandika Mama Rose alikisahihisha, hakuwahi kunirudishia karatasi safi kabisa."

Akaisoma tena polepole, midomo inacheza, na mi macho yakaangukia mwishoni: *Sidai shamba, mwanangu. Naomba tu kubaki karibu na kaburi la mama yako.*

Akatuma.

Akakaa kwenye benchi, laptop magotini. Maimuna akamletea chai, ikapoa. Jioni Maimuna akafunga kibanda chake, akaondoka.

"Mzee, gari la mwisho la Matombo hilo."

"Kule mtandao hakuna. Nikiondoka nitajuaje?"

Mi mwenyewe nimepanga chumba ambacho hakuna wa kuniuliza nimerudi saa ngapi. Nikamchomekea chaja, nikakaa.

Giza linaingia, laptop ikalia. Rose: *Baba, ulivyonyamaza nikadhani umechoka na sisi, unataka kurudi kwenu. Kaa hapohapo. Mjomba nampigia kesho asubuhi.*

Akasoma, akafunga laptop, akaanza kuiviringisha kwenye ile kanga, taratibu, kama anamfunika mtu.

"Umefurahi mzee?"

"Nyumba ninayo," akasema. "Wa kunisahihisha ndiye sina."

Gari lilishaondoka zamani.

"Twende kwangu. Godoro lipo moja, utalala wewe."

"Na wewe je?"

"Twende bwana mzee, usinichoshe."