Vidonge vya Sujata

Nakumbuka mchana mmoja ambao kwa miaka mingi nilitaka usahaulike, na leo nakusimulia kwa sababu nimekasirika. Sitaficha, mwanangu. Nimeona tangazo mlilotuma kwenye kundi la kanisa: ninyi wanne mmevaa makoti meusi, na chini mmeandika kwamba mnakwenda India kufundisha na kutia moyo makanisa, na kwamba wagonjwa waache dawa zao mlangoni. Niliweka simu chini, nikatoka nje, nikatembea hadi kwenye robot ya kwanza, zile taa za barabarani, nikarudi. Mke wangu, Mama Ruti, akaniuliza kama tumefiwa.

Hatujafiwa. Ila mimi nimewahi kumwachisha mtu dawa mlangoni pa kanisa, kwa mkono huu huu ninaoshonea.

Ilikuwa mwaka wa 2017. Nilikuwa bado kwenye kundi la vijana, ingawa nilikuwa na mke na watoto wawili. Unajua kanisani kwetu, mtu hubaki kijana mpaka mvi zije kumtoa. Nilikuwa na cherehani mbili kwenye chumba cha mbele cha nyumba ile ya Bellevue, hapa hapa Johannesburg, iliyogawanywa vyumba sita, kila chumba na familia yake na redio yake. Mchana nilishona sare za shule, jioni nilifundisha Biblia. Nilifundisha vizuri, sikatai. Watu walitoka Berea na Turffontein kuja kunisikia.

Nje ya kanisa sikuwa mtu. Kwenye foleni za karatasi za ukimbizi nilisukumwa na askari kama gunia. Siku moja dukani kijana mdogo aliniambia nirudi kwetu, mbele ya binti yangu Ruti, na Ruti akaniuliza njia nzima kwetu ni wapi. Mimi natoka Uvira, Kongo, na nyumba yetu ya Uvira ilichomwa. Nikameza. Unameza mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi, unadhani umesamehe, kumbe umefunga tu mdomo.

Basi Mchungaji Bisimwa, aliyeliongoza kanisa letu wakati huo, akaniambia nimechaguliwa kwenda naye India wiki mbili, kufundisha makanisa madogo ya vijijini. Nilikuwa nimepata pasipoti baada ya miaka kumi na mitano ya kusubiri. Nilijishonea suti ya kijivu. Nilikata kitambaa kile kwa furaha ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwenye harusi yangu, na Mama Ruti ananilaumu kwa hilo mpaka leo.

Tulifika kwenye mji mdogo wa Andhra Pradesh, joto limetanda, watu wamejipanga barabarani wakiimba. Wakatuvisha mashada ya maua ya manjano. "Vandanalu, ayyagaru," walituambia. Ndiyo salamu ya Wakristo wa kule, na neno lile la pili ni la kumheshimu mchungaji. Bibi mmoja, rika la mama yangu, akainama kunigusa miguu. Nilipaswa kumwinua pale pale. Sikumwinua pale pale. Nilisimama kwanza, nikaacha heshima ile initembee mwilini, kama mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akanusa chakula.

Mkalimani wangu alikuwa Mzee Devadas, mwalimu mstaafu, mwembamba, shati jeupe lililopigwa pasi kila siku. Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko changu nilichookota mitaani Johannesburg. Siku mbili alinitafsiri kwa subira. Nilipozidisha chumvi alikohoa kidogo, nami nikadhani ana kifua.

Siku ya tatu, mchana, nilifundisha juu ya imani. Kanisa lilikuwa la paa la bati, viatu vyote vimeachwa nje, wanawake wamekaa kwenye mikeka upande mmoja na wanaume upande mwingine. Nilikuwa nimewaka. Mama mmoja aitwaye Mariamma akaja mbele, amemshika mkono binti yake Sujata, mtoto wa miaka kama kumi hivi. Mzee Devadas akanieleza: mtoto ana kifafa, anameza vidonge, mwaka mzima sasa hajaanguka, na mama anaomba tumshukuru Mungu pamoja naye.

Lisikie hilo vizuri, mwanangu. Mama yule alikuja kushukuru. Alichokuwa akikiomba kwa Mungu alikuwa amekwisha kupewa, kiko ndani ya kichupa cha plastiki alichokifunga kwenye pindo la sari yake.

Nikasema kwenye kipaza sauti, "Mwambie leo ndiyo mwisho wa vidonge. Avitupe, aonyeshe imani."

Mzee Devadas akakohoa.

"Mwambie," nikarudia.

"Hapana, ndugu," akasema kwa sauti ya chini. "Hilo sitalitafsiri. Sema jingine, nami nitalisema."

Masikio yangu yalipata moto. Watu mia wananitazama, na mzee mmoja ananikatalia. Nilimwona yule kijana wa dukani, nikawaona askari wa foleni, wote wamesimama ndani ya shati lile jeupe.

"Wewe ni mdomo tu," nilimwambia. Ndiyo, nilimwambia hivyo mtu aliyefundisha watoto miaka arobaini. "Kazi yako ni kutafsiri."

"Kazi yangu ni watu hawa," akajibu. "Wewe unaondoka Jumamosi."

Nikamgeukia Mchungaji Bisimwa. Alikuwa amefumba macho anaomba, au alijifanya anaomba, sijui. Basi nikanyoosha mkono. Mariamma akadhani nataka kuibariki dawa. Akalifungua pindo, akanipa kichupa kwa mikono miwili, akitabasamu. Nikakichukua, nikaenda mlangoni, nikavimwaga vidonge vyote kwenye mtaro wa maji machafu. Nyuma yangu watu wakapaza sauti. Nikadhani ni shangwe. Nikarudi, nikaweka mikono juu ya kichwa cha mtoto, na mchungaji, macho sasa yamefumbuka, akapiga picha.

Mzee Devadas hakunipigia kelele. Alizungumza na Mariamma kwa lugha yao, akavaa ndara zake, akaenda kituo cha basi. Hospitali iliyotoa dawa zile ilikuwa mbali, safari ya nusu siku, na dawa ile haitolewi mpaka daktari aandike. Alirudi kesho yake alasiri.

Alichelewa kwa saa chache. Siku hiyo hiyo adhuhuri, yeye bado yuko njiani, wanawake walikuwa wakipika uani, na Sujata alikuwa akichochea moto chini ya sufuria la wali. Wali wetu, sisi wageni. Nilisikia kishindo, halafu sauti ya mama. Nilipofika, mtoto alikuwa ameanguka, mwili umekakamaa unatikisika, na mkono wake wa kulia uko ndani ya makaa. Mariamma alikuwa anamvuta. Mimi nilisimama. Watu wananiuliza siku hizi niliomba maneno gani. Sikuomba neno lolote. Nilisimama na suti yangu ya kijivu.

Tukampakia kwenye bajaji, tukampeleka kwenye zahanati ya pale mjini. Alipona kifafa cha siku ile. Vidole viwili vya mkono ule havikunyooka tena.

Mzee Devadas alitukuta zahanati, ameshika mfuko wa karatasi wenye dawa. Alimpa muuguzi, akamwona mtoto, kisha akatoka akakaa karibu nami kwenye benchi la nje. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kujibu.

"Ulikuwa na hasira na nani jana?" akaniuliza.

"Na wewe. Ulinikatalia mbele ya watu."

"Hapana. Hasira ile ulifika nayo. Nimefundisha watoto wengi. Yule anayepigwa nyumbani nilimjua siku ya kwanza, kwa sababu wakati wa mapumziko alikuwa anatafuta aliye mdogo kuliko yeye."

Nilikasirika zaidi, mwanangu, kwa sababu alikuwa amenisoma. Nilikaa hapo mpaka jasho likanikauka. Mwishowe nikamwomba anisaidie kumwomba Mariamma msamaha.

"Hilo nitalitafsiri," akasema.

Mariamma alinisikiliza akiwa amekaa sakafuni kando ya kitanda. Akazungumza kwa muda mrefu, bila kulia, akinitazama usoni. Mzee Devadas akasubiri amalize, akanigeukia.

"Anasema amekusikia."

"Ni hilo tu?"

"Mengine si ya kutafsiri."

Sasa usidhani hadithi iliishia pale nikarudi mtu mpya. Nilikuwa na haya, ndiyo, lakini haya peke yake haimfanyi mtu aseme kweli. Jumapili ya kwanza tuliporudi, Mchungaji Bisimwa alirusha ukutani picha ile ya mikono yangu juu ya kichwa cha Sujata. Akasema binti huyu alikuwa na kifafa na vidonge vyake vilitupwa siku ile ile. Hapo akaweka nukta. Kila neno lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja ulikuwa uongo. Kanisa likasimama, watu wakalia, wakaimba. Nikaitwa mbele nishuhudie. Nikasema, "Mungu ni mwema," nikarudi kukaa.

Nyumbani Mama Ruti alikuwa anamenya viazi. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Yule mtoto anaendeleaje?"

Nikamwambia yote. Kisu kikasimama.

"Na leo umesimama mbele yetu ukasema Mungu ni mwema."

"Ni mwema."

"Yeye ndiyo. Mimi nakuuliza wewe." Akafuta mikono kwenye aproni. "Baba Ruti, unajua Mama Zawadi ameniambia nini tulipokuwa tunatoka? Kwamba ameacha vidonge vyake vya presha. Kuanzia leo. Kwa sababu ya picha yako."

Mama Zawadi alikuwa mama wa makamo aliyesuka nywele za watu Berea, mnene, mcheshi, na presha yake ilikuwa imeshamlaza hospitali mara mbili. Nilitoka na viatu vya ndani. Nilipanda taksi, nikashuka, nikapanda ngazi ghorofa saba kwa sababu lifti ya jengo lile ilikufa zamani. Nilimkuta anasuka mteja, anaimba. Nikamwambia kweli mbele ya mteja wake, nikiwa nahema mlangoni. Nikamwambia habari za mtaro na za makaa. Nikamwambia na habari za vidole.

Akakiweka kitana chini.

"Nilikuwa nimefurahi, ndugu," akasema. "Ni mara yangu ya kwanza kufurahi mwaka huu. Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Toka nyumbani kwangu."

Nilitoka, lakini nilibaki kwenye ngazi mpaka nikasikia anamwomba mteja wake amsogezee maji ya kumezea dawa.

Jumapili iliyofuata nilisimama bila kuitwa. Nilifika kwenye habari ya moto, kipaza sauti kikazimwa. Nikaendelea kwa sauti yangu. Mchungaji Bisimwa akasema naharibu kazi ya Mungu, na watu wawili wakanishika mikono wakanikalisha. Nilivuliwa ualimu kwa miaka miwili. Kuna waliohamisha nguo zao kwa fundi mwingine. Kuna walioniita shushushu. Lakini wengine walikuja mmoja mmoja Bellevue, kwa kisingizio cha kufupisha suruali, kuniuliza taratibu kama warudie dawa zao. Nilihesabu tisa. Tisa, mwanangu, kwa picha moja. Ndipo nikaacha kumkasirikia mzee wa India na mchungaji wangu, nikaanza kujikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo sijaimaliza.

Kwa hiyo usishangae nikiwa mkali. Sikwambii usiende. Nenda. Makanisa yale yanahitaji kutiwa moyo, na ninyi mtarudi mmetiwa moyo zaidi yao kama mtakubali kukaa chini. Lakini futeni tangazo lile leo, kabla ya ibada ya jioni. Dawa ya mtu usiiguse, hata akikupa kwa mikono miwili. Huna udaktari, na Mungu hajakutuma ukamnyang'anye mtu alichompa yeye. Mkalimani akikataa neno lako, shukuru, kisha nyamaza na umuulize kwa nini, kwa maana yeye ndiye atakayebaki na watu wale ukishapanda ndege. Wakikuinamia, wainue upesi. Na kabla hujafunga mzigo wako, kaa peke yako ujiulize ni nani aliyekudharau hapa Johannesburg, umtaje kwa jina mbele za Mungu, usije ukamlipizia kisasi mtoto wa mtu ambaye hata hajui mji huu uko wapi. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, sema Jumapili ya kwanza. Usingoje ya pili kama mimi.

Njoo jioni, nitakuwekea mikono kichwani. Nitakuombea Mungu akupe sikio jepesi kuliko ulimi, akulinde barabarani na angani, aifanye shingo yako nyepesi kuinama. Na wale utakaowaacha kule, awaweke wazima kama ulivyowakuta, au zaidi, kwa neema yake na bila kiburi chako. Amina.