Barafu kavu haiachi maji

Leo nimeharibu kazi ya mtu kwa ajili ya samaki.

Mnajua nabeba mizigo ya ofisi kutoka eapoti. Leo nilipewa boksi la baridi. Ndani kichupa kidogo kama kidole cha mtoto, kimefukiwa kwenye barafu kavu, ile inayotoa moshi.

Nikapitia Kariakoo kwa mke wangu, anauza samaki. Samaki wake wanalegea, barafu imemwishia. Nikammwagia ile kavu yote. Kwenye boksi nikajaza barafu ya maji ya dukani.

Nikajisemea, si baridi ni baridi tu?

Kule maabara akanipokea binti mmoja, mtafiti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akafungua boksi, akachungulia ndani.

"Baba, barafu kavu iko wapi?"

"Imeyeyuka njiani, mwanangu."

Akachovya kidole ndani ya boksi.

"Barafu kavu haiyeyuki, baba. Inapotea kama moshi, haiachi maji. Haya maji yametoka wapi?"

Nikamwambia ukweli, mpaka samaki.

Akacheka kidogo, halafu akakaa chini.

Kumbe kwenye kile kichupa ni protini ya kutengenezwa, ile inayoziambia seli zigawanyike lini. Ya utafiti wake wa kansa. Kaisubiri miezi minne, na barafu ya maji haifikii baridi ya ile kavu, kwa hiyo imeshaharibika.

Hakunifokea. Bora angenifokea.

Nimerudi nyumbani, nimekaa tu. Sisikii njaa, sisikii chochote.

Sasa hivi mke wangu kaingia anacheka: "Baba Neema, samaki wameisha wote! Kesho niletee tena ile ya moshi."

Sijamjibu bado. Nyie mngemwambia nini?