Aliyekufa Kasolo Amekufa

Kama lile jeshi lisingekula samaki, Mama Mado asingejua habari za Kasolo hata kidogo.

Ilikuwa Jumapili, miaka mitatu iliyopita. Alikuwa uani kwake, mtaa wa Kamalondo, akipanga bitoyo, wale samaki wa chumvi anaowafuata Kasenga na kuwauza soko la Njanja. Barazani alikaa Plamedie, binti wa marehemu dada yake, ambaye anaishi kwake, pamoja na Amida mshonaji na Dan fundi wa jenereta. Walikuwa na kete, karatasi na jagi la munkoyo, kinywaji cha mahindi, wakicheza mchezo wa kusimuliana. Plamedie ndiye msimulizi: anaeleza yanayotokea Kasolo, ufalme waliouzua wenyewe, wenye majoka na wachawi, na kila mchezaji anamwongoza mtu wake humo ndani. Penye hatari, kete ndizo zinazoamua. Mama Mado aliwatazama watu wazima wanaocheza mchana kweupe, akaguna, akarudi kwa samaki wake. Ndipo akamsikia Dan akisema kwamba jeshi limetembea siku nne kutoka mtoni, kisha likala samaki wabichi.

"Babichi?" aliuliza kutoka uani.

"Ndiyo, Mama."

"Siku ine? Na hii jua? Bila glace ya kubapoza, bila chumvi?" Alisimama, mikono inanuka samaki, akasogea barazani. "Mwana yangu, mi nauzishaka samaki miaka makumi mbili. Ile jeshi yote iko na kuharisha. Vita imeisha leo."

Amida alicheka mpaka akalala mezani. Plamedie hakucheka, aliandika. Jeshi likaugua, ngome ikaponyoka, na hadithi nzima ikageuka kwa sababu ya samaki waliooza. Kabla mwezi haujaisha Mama Mado alikuwa na kiti chake mezani na mtu wake Kasolo: Nyembo, ajuza muuza chumvi, mwenye mkuki asiojua kuutumia.

Kusema kweli Nyembo hakuwa na haja ya mkuki. Silaha ya Mama Mado ilikuwa swali. Malkia ana farasi mia mbili. Nani anawakatia majani? Joka limelala mlimani miaka mia. Linakula nini, na mavi yake yako wapi? Swali la mavi lilibishaniwa Jumapili mbili nzima, na mwishowe mavi hayohayo ndiyo yaliyowaongoza hadi pangoni. Basi wakamkabidhi daftari la Kasolo, ambamo kila mto, kila mwendo na kila sheria imeandikwa, ili asiwepo wa kusema leo hivi na kesho vile. Alilifunga kwa kitambaa cha plastiki kama Biblia ya mjane.

Na mjane alikuwa kweli. Mumewe alifariki miaka saba iliyopita, watoto wako Kolwezi, na juma lake lote ni watu wanaobisha bei na kunusa samaki kwa dharau. Jumapili tu ndipo watu walipomwuliza anajua nini. Hakumwambia mtu yeyote hayo, lakini Jumamosi jioni alikuwa anaimba peke yake jikoni.

Aliyeumizwa zaidi na hilo daftari alikuwa Dan. Mwaka jana mtu wake, shujaa Tambwe, alivutwa na mamba, akafa. Dan alitoa hoja haraka: mlimani Ngala kuna ua linaloponya kila kitu, basi wamfufue.

"Kama ile fleur inafufua bantu," alisema Mama Mado, "juu ya nini baba ya mufalme iko mu kaburi? Mufalme iko na mulima yake, iko na fleur yake, na anaacha baba yake anaoza? Ule ni mutoto gani?"

"Mama, ni mchezo!"

"Mchezo iko na logique, Dan. Kama bakufwa banarudia, mi naogopa nini tena?"

Ikaandikwa ukurasa wa arobaini: aliyekufa Kasolo amekufa. Chini yake Mama Mado akaongeza nyingine, kwamba watu hawatoki hewani. Aliyefiwa na mtu wake hapati mwingine mpaka ipatikane njia ya kweli ya kumleta. Dan alikaa Jumapili sita akiwamiminia wenzake munkoyo, mpaka msafara ukaleta mhunzi kijana, Kazadi. Hata hapo Mama Mado hakukubali yaishe. Mwanaume wa miaka thelathini anasafiri peke yake, nani anampikia? Akampa mke, na mke akampa mimba, ya kujifungua mvua za kwanza. Dan aliuma meno, akaandika.

Sasa, mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwezi uliopita mji wa Kasolo ulizingirwa na maadui, milango ikafungwa, na maji yakaanza kupungua. Nyembo alijitolea kupanda ukuta akawauzie maadui chumvi, asikie siri zao. Plamedie akasimulia wingu jeusi, kisha mvua za kwanza zikiulowesha ukuta. Mama Mado akarusha kete. Moja, na moja, mbaya kuliko zote.

Plamedie alizitazama zile kete kama anayetafuta doa lingine.

"Ameteleza," alisema taratibu. "Ameanguka inje ya ukuta. Mama... amekufwa."

Mama Mado alilifungua daftari mwenyewe, ukurasa wa arobaini. Wafu hawarudi. Watu hawatoki hewani. Na mji umezingirwa. Hata panya hawezi kuingia, na Plamedie alikwisha kusema kwamba vita hiyo itachukua mwaka. Alihesabu Jumapili akaona giza. Aliumia. Aliumia zaidi kuliko alivyotarajia kuumia kwa ajili ya bibi wa kwenye karatasi.

"Tuseme ile fleur ilikuwa mu mufuko yake," alisema Amida kwa upole. "Nani atajua?"

"Mi nitajua."

"Mama, tunabadilisha tu kidogo," alisema Plamedie. "Hii mara moja."

Alitamani. Tusimpambe: alitamani sana, na mdomo ulikwisha kufunguka. Kisha akamwona Dan mkabala naye, aliyekaa Jumapili sita na jagi mkononi, akaona aibu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Hapana. Nyembo amekufwa. Leteni ile jagi, mi njo nitamimina."

"Mama Mado," alisema Dan. "Nipeko kwanza daftari."

Alimpa, akijua kwamba sasa atachekwa, na kwamba ni haki yake kuchekwa. Dan alifunua kurasa polepole, akilowesha kidole kama karani.

"Leo mvua ya kwanza imenyesha. Siyo, Plamedie?"

"Imenyesha."

"Donc bibi yangu, muke ya Kazadi, anazaa leo. Ndani ya mji. Mutoto hatoke mu hewa, anatoka mu tumbo." Akafunua tena. "Ukurasa makumi mbili na moya, maandishi ya Mama Mado mwenyewe: mtoto wa Kasolo anapewa jina la marehemu wa mwisho aliyewalisha. Na mwenye jina anapewa heshima yote ya marehemu. Nani alitupa chumvi miezi yote hii? Mutoto wangu ni Nyembo, na Mama njo atamuongoza."

Mama Mado aliyatambua maandishi yake. Sheria hiyo hakuizua. Aliitoa nyumbani kwake. Mjukuu wake wa kwanza, aliye Kolwezi, ana jina la marehemu mumewe, na yeye humwita "bwana yangu", humpa kiti kizuri, hathubutu kumchapa. Alikuwa ameiandika siku ambayo alimkumbuka yule mzee, bila kufikiri kwamba kuna siku itamfaa kitu. Machozi yalimjia, akasingizia samaki.

"Dan, mwana yangu. Utaniita Mama na mu Kasolo?"

"Njo sheria."

"Nikikukataza kintu?"

"Nitatii. Njo sheria."

"Logique iko," alisema Plamedie, na Amida akapiga vigelegele.

Lakini mtu hawezi kuacha tabia yake kwa sababu tu amefurahi. Mama Mado alianza kutafuta kosa, maana hoja isiyo na kosa humwasha. Akalipata. Uso ukambadilika.

"Mutoto ya kuzaliwa leo hasemi," alisema.

"Hasemi," alikubali Dan kwa adabu kubwa.

"Anaanza kusema kisha mwaka moya."

"Na sisi Jumapili moya ni mwezi moya. Donc Jumapili kumi na mbili." Dan alifunga daftari, akalifunika kwa kitambaa chake, akatabasamu tabasamu la mtu aliyengoja mwaka mzima. "Kama Mama hataki, tunaweza kubadilisha tu kidogo."

Mama Mado alimkazia macho. Kisha alicheka kwa mabega na tumbo, akakubali.

Jumapili iliyofuata alikaa kitini kwake, kitenge kimemfunika mabegani kama kitoto kichanga, mdomo umefungwa. Amida alisema neno kuhusu bei ya mishale, Mama Mado akameza swali. Plamedie akasahau jina la daraja, yeye akakamata meza. Saa moja ilipita, na Lubumbashi yote haijawahi kuona mateso kama yale.

"Bon," alisema Dan, "mi Kazadi nashuka ukuta na kamba, napanda mulima Ngala, nakata ile fleur, na narudia leo, mbele ya kula bukari ya mangaribi."

Mlima Ngala ni siku tatu kwenda tu. Kila aliyekuwa mezani aliligeukia jicho la Mama Mado. Likatoka nje, mishipa ya shingo ikamsimama, kifua kikajaa.

"Ng'aaaa!" alilia. "Ng'aaaa! Ng'aaaa!"

Jirani alichungulia ukutani kuona ni mtoto wa nani. Plamedie alilivuta daftari kuangalia umbali, na Dan aliinama kuelekea kile kiti, mikono miwili kifuani.

"Pardon, Mama," alisema. "Nabaki."