Avokado Nyuma ya Jikoni

Mimi deni huninyima usingizi. Nimerithi kwa mama yangu, ambaye akikopa kikombe cha sukari kwa jirani asubuhi, jioni alikuwa ameshakirudisha, hata kama ni kwa kukopa kwa jirani wa pili. Kwa hiyo benki ilipotupa mkopo wa nyumba wa miaka kumi na mitano, nilitia sahihi nikiwa na hasira, kana kwamba nimelazimishwa. Tulipotoka nje nikamwambia mume wangu kwamba miaka kumi na mitano ni kifungo, na mimi sijamwibia mtu.

"Mwalimu," akasema, "hata wafungwa hupunguziwa thuluthi wakiwa na tabia nzuri."

Nikamwambia sisi tabia yetu itakuwa nzuri zaidi ya hiyo. Tutamaliza kwa tisa.

Nyumba yenyewe iko pembeni mwa Kitale, kwenye robo ekari, na aliyetuuzia alikuwa amechoka kuijenga kabla haijaisha. Ukuta wa nyuma haukuwa na plasta. Mifereji ya paa iliishia hewani, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yalimwagika mlangoni tukawa tunaruka dimbwi letu wenyewe. Lakini ilikuwa yetu, au tuseme ilikuwa ya benki na sisi tunaitunza. Mshahara wangu wa ualimu na wake wa uofisa wa kilimo, na ekari mbili za mahindi tulizokodi, vyote vilipita mikononi mwetu vikielekea benki. Hatukuwa na pesa ya kwenda popote. Basi starehe yetu ikawa nyumba.

Sijawahi kuwa na furaha kama ya Jumamosi zile, na nasema hivyo nikijua nitakachosimulia baadaye. Alikuwa akipita kwenye majengo yanayojengwa mjini akiomba vigae vilivyovunjika, analeta gunia kwenye pikipiki, na tulitumia miezi miwili kupanga vipande hivyo kuwa njia kutoka mlangoni hadi getini. Tulinunua rangi iliyouzwa nusu bei kwa sababu aliyeiagiza aliikataa, na tulipoipaka nikaelewa kwa nini aliikataa. Sebule ilifanana na zahanati. Wageni walikuwa wakiingia na kuuliza kama daktari yuko. Alitengeneza benchi kwa mbao za mkaratusi, mguu mmoja ukawa mfupi, akaweka kigae chini yake akasema fundi hodari huacha alama. Mimi nilikuwa na mboga zangu: managu, kunde, sukuma, vitunguu vya majani. Mpasheni ulipanda ua wote wa upande wa barabara, na watoto wa shule walikuwa wakichuma wakipita, nami nikijifanya siwaoni.

Miti tulikuwa tukiipanda kwa namna yetu. Kwao Bungoma mwanamke hapandi mti. Mahindi atapanda, maharagwe atapanda mpaka mgongo umpinde, lakini mti ni alama ya mwenye shamba, na wazee husema mke akipanda mti anamchimbia mumewe kaburi. Mimi ni Mkikuyu wa Kitale. Wazazi wangu walitoka mkoa wa Kati wakanunua shamba hapa, na mama yangu alipanda miti mpaka ya mpakani, na baba alikufa akiwa mzee sana, tena kwa kuanguka. Nilipomwambia mume wangu hivyo alicheka. Yeye mwenyewe kabla ya kuhamishiwa huku alikuwa akifundisha vikundi vya akina mama karibu na Mabanga jinsi ya kupanda miti ya matunda, na wale mama walikuwa na ujanja wao. Wanachimba shimo, wanatia mbolea, wanaweka mche, kisha wanamwita: "Ofisa, gusa tu." Akishagusa, mti umepandwa na mwanamume.

Basi na mimi nikawa hivyo. Nachimba, natia samadi, kisha napiga kelele kuelekea nyumbani, "Ofisa, njoo uguse!" Anatoka na kikombe cha chai, anaushika mche kwa vidole viwili, anarudi kwenye gazeti lake. Tuliupanda mlimao hivyo, na mipera miwili, na mikaratusi ya nyuma.

Mwaka wa nane wa mkopo nilinunua mche wa avokado, ule wa kuunganishwa unaozaa upesi. Yeye alikuwa ameenda kwao kwenye matanga ya mjomba wake, na matanga yale yalirefuka. Mvua ya Aprili ilikuwa imeanza. Mche ulikuwa ndani ya nailoni yake, mizizi imetokeza chini, majani yanajikunja. Mimi si mtu wa kungoja. Nilichimba nyuma ya jikoni, mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo humwagwa, nikaupanda, nikanawa mikono.

Aliporudi akauona. "Haya, ndio umeniua sasa," akasema, akaomba chakula. Alikula ugali sahani mbili. Tulicheka, na ninaandika hapa kwamba tulicheka kwa sababu baadaye palikuwa na watu waliosema kwamba aliuona mti ule akanyamaza.

Ugonjwa ulianza mwaka uliofuata. Tulikuwa mezani, akasimamisha tonge akaweka mkono kifuani.

"Ugali unakwama hapa," akasema.

Nikampa maji. Ukateremka. Baada ya wiki mbili ukawa unakwama kila siku, akawa anakula na gilasi mkononi, tonge moja, funda moja. Alienda zahanati akapewa dawa nyeupe ya vidonda vya tumbo. Haikusaidia. Akarudi, na safari hii daktari alimwandikia karatasi aende Eldoret akapigwe picha ya koo kwa ile mashine ya mpira inayoingizwa mdomoni. Pesa walizotaka zilikuwa karibu sawa na malipo yetu ya miezi miwili.

Nilikuwa naosha vyombo aliponionyesha. Tulikuwa tumebakiza miezi minne. Minne! Miaka karibu tisa bila Krismasi ya maana, bila kiatu kipya, na mwisho uko pale naweza kuugusa. Nilisoma ile karatasi mikono ikiwa na povu, nikasema, "Miezi minne tu, mzee. Vidonda vya tumbo haviui mtu. Tumalize hii kitu, halafu tutaenda Eldoret tukiwa watu huru. Dawa ya deni ni kulipa."

"Na dawa ya haraka?" akaniuliza, akitabasamu.

Nikarudia vyombo vyangu. Akaikunja karatasi akaitia mfuko wa shati. Ndiyo hayo tu. Hatukugombana, sikumkataza kwa ukali, hakunisihi. Nimekuwa nikitafuta katika kumbukumbu zangu mahali alipong'ang'ania nami nikamzuia kwa nguvu, maana ingekuwa afadhali. Hakuna. Nilisema, akanisikiliza, kama alivyonisikiliza kuhusu rangi ya sebule.

Miezi minne nilimpikia uji, viazi vya kuponda, maharagwe yaliyosagwa. Aliendelea na kazi za Jumamosi. Alipiga plasta ule ukuta wa nyuma, na mara mbili ilibidi aketi chini kupumzika, na mshipi wake alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Niliona tundu lile. Nikajiambia ni jua.

Siku tuliyolipa mara ya mwisho tulitoka benki mchana na barua inayosema hatudaiwi. Nilichinja jogoo. Nilimpikia kienyeji, mchuzi mzito, na ugali wa wimbi anaoupenda. Watoto wetu wawili walikuwa wamerudi kutoka shule ya bweni kwa likizo fupi, kukawa na kelele na vicheko. Baba yao alitafuna kipande kimoja kwa muda mrefu sana. Kisha akainuka taratibu kama mtu anayeenda kuangalia kitu nje. Kupitia dirisha la jikoni nikamwona ameinama uani anaitema nyama mkononi, akaifukia kwa kiatu, akajifuta mdomo. Aliporudi alisema, "Mwalimu, leo umepika."

Wiki ile tulienda Eldoret. Ilikuwa kansa ya umio, na ilikuwa imeshaenea. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliitazama tarehe kwenye karatasi ya Kitale, akatutazama sisi, akauliza kwa nini tulichelewa.

"Kazi, daktari," mume wangu akasema kabla sijafungua mdomo. "Ilikuwa msimu wa kupanda."

Walimwekea mrija wa kulishia. Mama yake na kaka yake mkubwa walikuja kutoka Bungoma kumwona, wakakuta mtu aliyebaki mifupa. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa kanisa, hana maneno mengi, na kwa miaka yote ile tulikuwa tumepatana vizuri. Alizunguka nyumba polepole akitazama. Aliporudi ndani akasimama mbele ya kiti cha mwanawe.

"Mimi nauriza tu," akasema. "Ile muti ya nyuma ya jikoni, ni nani aripanda?"

Kila mara swali hilo lilipoulizwa nyumbani kwetu, kwa mti wowote, mume wangu alijibu kwamba ni yeye. Nilikuwa nimeshika trei ya chai nikingoja aseme vile.

"Ni yeye," akasema. Alininyooshea kidole. "Mimi sikuwa. Nilikuwa kwa matanga ya mjomba. Na si ni tangu hapo nilianza kusikia hii kitu kwa koo?"

Hiyo ya mwisho ilikuwa uongo. Mti ulikuwa umemaliza mwaka kabla ya tonge la kwanza kukwama. Nilimtazama, naye akatazama sakafu. Kaka yake akasema, "Aki ya Mungu, shemeji," basi, akatoka kutafuta panga. Tulisikia mapigo sita. Mti ulikuwa umefika kiunoni, umeanza kutoa maua. Mama mkwe hakunywa chai yangu siku ile wala hakula chakula changu tena mpaka alipoondoka.

Hasira niliyokuwa nayo sijui niielezeje. Huyu ndiye mtu aliyesimama mbele ya akina mama kule Mabanga akiwaambia kwamba mti haujui mwanamume wala mwanamke. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimwagia uji kwenye mrija kwa bomba la sindano kila baada ya saa tatu, na sikumsemesha ila kwa mambo ya lazima. Nililia bafuni. Nilichoogopa ni kimoja: kwamba atakufa akiamini nimemuua mimi. Na kilichonitafuna zaidi ni kwamba labda ni kweli, ila si kwa mti. Wao walikuwa wakiukata mti, nami nilikuwa nimeikumbuka karatasi iliyokunjwa, ambayo hakuna aliyeniuliza habari zake.

Watu wa hapa Kitale hushangaa jinsi shemeji zangu walivyoniachia nyumba. Wajane wengi wamefukuzwa kwenye nyumba bora kuliko hii. Tulimzika kwao Bungoma, na baada ya matanga kaka yake mkubwa alisimama mbele ya ukoo akasema nyumba ya Kitale ni ya mama na watoto, lile jambo la mti lilishakatwa na kwisha. Hakuna aliyepinga. Hatimiliki ninayo kabatini.

Lakini kabla ya hayo kulikuwa na mchana mmoja. Zilikuwa zimebaki kama wiki mbili, ingawa hatukujua. Alitaka jua, nikamtoa nikamkalisha kwenye benchi na mito pande zote. Sauti yake ilikuwa imekwisha, ukitaka kumsikia unasogea. Nikasogea, nikamuuliza bila kuzunguka.

"Ule mti. Uliamini kweli, ama ulitaka tu kuniaibisha?"

Alikusanya pumzi.

"Kaka alinipigia simu kabla hawajaja," akasema. "Nilimsomea karatasi za hospitali, akaniuliza ni kwa nini nilikaa na ile ya daktari miezi minne. Mara ya kwanza nikasema ni kazi. Akauliza tena. Huyo hawezi kuuliza mara ya tatu, atajijibu mwenyewe. Na akishajijibu, hii nyumba utatoka na nguo zako tu."

Alipumzika. Nilidhani amemaliza.

"Nikawapa mti," akasema. "Mti unakatwa, inaisha. Wewe wangekukata wapi?"

Kumbe alikuwa ameihesabu ile miezi, mmoja baada ya mwingine, wakati mimi nikiihesabu kwa upande wangu. Nilimshika mkono. Nilitaka kusema mambo mengi, na nadhani baadhi niliyasema, kuhusu povu mikononi, kuhusu vidonda vya tumbo, kuhusu jinsi ambavyo mtu yeyote angefikiri hivyo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha nikangoja aseme kwamba kosa halikuwa langu. Nilingoja muda mrefu, kivuli cha paa kikatufikia miguuni. Ndugu zake aliweza kuwadanganya kwa ajili yangu. Mimi hakunidanganya.