Mfuko Ulishuka, Mimi Sikula

Niseme mapema kabisa: mimi sikula pesa za mtu. Nasema hivi kwa sababu kuna wamama kule Kawangware, kwenye kituo cha matatu cha 56, ambao hadi leo wakiniona wanashusha sauti, na mimi si mtu wa kushushiwa sauti nikapita tu.

Nashona sare za shule hapa Laini Saba, kando ya reli. Chama chetu ni cha wamama, wengi tumetoka upande wa ziwa, na tunakutana Jumapili baada ya kanisa kwa saluni ya mwenyekiti wetu pale 56. Mwenyekiti ni rafiki yangu tangu nilipokuwa mgeni Nairobi. Mimi ndiye mweka hazina. Miaka mingi tulikuwa tukizungushiana: kila mtu anachanga, mmoja anabeba zote, wakati mwingine ni zamu ya mwenzake. Kwa mchezo huo pesa zikipungua hata kidogo, kuna mtu amekula. Hakuna maelezo mengine, na hatujawahi kuyahitaji.

Halafu tukataka akiba ya kununua ploti. Tukakubaliana, mikono yote juu, tuweke kwa mfuko wa hisa. Si ule wa mjanja fulani kuchagua kampuni anazozipenda. Huu unafuata orodha ya kampuni ambazo hisa zao ni rahisi ukilinganisha na faida na mali zao, zile watu wamezikimbia. Mfuko unanunua zote zilizo kwenye orodha, basi. Nusu yetu tumewahi kuuza mitumba, kwa hivyo hilo halikutusumbua: koti zuri limekosa mtu, unalichukua kwa bei ya chini, unangoja. Nikawaambia pia bei inaweza kuanguka na ikakaa chini. Nilirudia. Wakaniitikia "sawa, sawa" huku wakipitisha chai.

Mwanzoni ulipanda, nikawa malkia. Ati mweka hazina ana akili! Kisha ukashuka, na sio kushuka kwa mzaha.

Nilijua kuna shida siku mteja alipokuja kuchukua sweta ya mtoto akaniuliza, akicheka, "Nasikia unajenga kwenu?" Nikamuuliza amesikia wapi. Akasema kwa wamama wa mboga pale 56, na aliyesema ni mwenyekiti. Ati mweka hazina amenunua cherehani mpya wakati pesa za chama zinapungua. Cherehani yenyewe ya mkopo, ninailipa hadi leo! Nililia, halafu nikakasirika, na hasira ilikaa kuliko machozi.

Wifi yangu, ambaye ni mwanachama pia, akaja kunishauri. "Wifi, uza hiyo cherehani uwajazie. Mambo yaishe."

"Nikijaza, nimekubali nilikula."

"Watu wanataka amani tu."

"Basi wajaze wao."

Sikulipa, na sikuwa na mpango wa kulipa. Nilichofanya ni kuukagua ule mfuko kama ninavyokagua kazi ya fundi nisiyemwamini. Kwanza nikatazama vipande vyetu, maana ukiweka pesa kwa mfuko unapewa vipande. Vilikuwepo vyote, sawa na tulipoweka mara ya mwisho. Kilichoanguka ni bei ya kila kipande. Kisha nikachukua mwendo wa mfuko na mwendo wa ile orodha unayoifuata, nikaviweka sambamba, mwezi kwa mwezi. Orodha ilipopanda, mfuko ulipanda. Orodha ilipoanguka, mfuko ulianguka nayo. Wetu ulikuwa nyuma kidogo tu kila mwaka, na hicho kidogo ni ada ya wanaouendesha, ambayo walituambia kabla hatujaingia.

Nilitafuta na mabaya pia. Niliona mfuko huo ulishawahi kuanguka vibaya kabla yetu, ukachukua miaka kurudi pale ulipokuwa. Niliona pia kwamba karibu nusu ya zile kampuni ni benki, kwa hivyo benki zikipata shida, sote tumepata shida. Hayo nayo niliyabeba hadi kwenye mkutano. Sikuwa naenda kuutetea mfuko, jamani. Nilikuwa naenda kujitetea mimi.

Jumapili hiyo saluni ilijaa. Hata wale wa kuchelewa walikuja mapema. Nikawaonyesha vipande kwenye simu, ikazunguka mkono kwa mkono. Mama mmoja anayeuza nyanya akanikatiza, "Wacha maneno mengi. Pesa haiyeyuki. Nani amekula?"

"Wewe ulinunua kreti ya nyanya jana kwa bei kali. Leo asubuhi malori yameingia, bei imekufa. Nyanya zako si ziko zote?"

"Ziko."

"Na pesa yako?"

"Imepungua," akasema, akanirudishia simu. Wifi akaguna, "Haya basi."

Nikawaambia yaliyobaki. Yule ambaye msichana wake anaingia sekondari Januari nilimwambia asikae, atoe hata kwa hasara, kwa sababu huu mfuko haujui shule inafunguliwa lini. Yule anayeweza kusahau pesa zake miaka mitano, hata zaidi, akae akijua zinaweza kuanguka tena. Wengi walitoa. Zangu bado zimo, na leo ninapoandika bado ziko chini. Ni zangu, na nilijua ninaingia wapi.

Nilidhani tumemaliza. Mwenyekiti akajikohoza. "Tumeelewa, dada. Lakini kwa ajili ya umoja, si ungetoa kitu kidogo tu? Hata kama si kosa lako."

Wee! Nilisimama hadi kiti kikaanguka. "Kama si kosa langu, natoa kwa nini? Kesho utasema, 'Kama hakukula, mbona alilipa?'"

"Usipige kelele, huku kuna wateja."

"Kelele ulianza wewe, kwa wamama wa mboga. Twende ukamalize huko huko."

Alidhani natishia. Nikamshika mkono, nikatoka naye. Wengine wakatufuata, maana nani angekubali kubaki nyuma?

Wale wamama walikuwa wamekaa wanakatakata sukuma. Mwenyekiti akasema haraka haraka, akitazama viatu vyake, "Huyu hakula pesa za chama."

"Sauti," nikamwambia.

"Huyu hakula pesa za chama!"

Mmoja akaendelea kukata bila kuinua kichwa. "Na zilienda wapi?"

Mwenyekiti akanigeukia. Nikakunja mikono. "Usiniangalie mimi. Mweleze."

Akaanza. Akajikwaa, akarudi nyuma, akasema vipande viko vyote, bei ndiyo imeshuka. Mama wa sukuma hakuelewa. Mwenyekiti akasema, "Ni kama ile katoni ya nywele za kusuka niliyonunua, halafu mtindo ukapita. Katoni imejaa vile vile, lakini ukitaka niiuze leo, utanilipa nusu. Hakuna mtu ameiba nywele." Akalieleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kumbe alikuwa ameelewa tangu saluni.

Mama wa sukuma akaweka kisu chini. "Sasa mbona ulituambia amekula?"

Mwenyekiti akajipangusa uso kwa mkono wa blauzi. "Niliogopa," akasema. "Zilikuwa pesa zangu zote."

Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumkumbatia, kwa kweli vyote viwili, na sikufanya hata kimoja. Nilimjibu kwa sauti, wa mwisho kabisa kwenye mboga asikie:

"Na mimi, hilo jina uliloliharibu ndilo mali yangu yote."