Karani wa Pantoni na Mchanga Wake

Karani wa pantoni yetu ya Kilombero alikuwa mchapakazi sana, ilimradi kazi yenyewe isiwe ya pantoni. Abiria tukiungua jua, bwana mkubwa, kaptula ya serikali imepigwa pasi, alipiga magoti ukingoni akichonga sanamu za mchanga kwa kijiko cha chai. Za mwanzo, za mchanga mkavu, zilimporomokea mikononi. Akajifunza kuulowesha, kuushindilia, kisha kuchonga kuanzia juu. Siku moja akachonga uso wa mwanamke.

"Pua siyo hiyo," alisema shangazi yake, Domitila, aliyekuwa akisubiri kuvuka. "Ya marehemu mama yako ilikuwa ndogo."

Akaikwangua taratibu. "Hivi, shangazi?"

"Hivyo hivyo."

Karani akakaa mchangani, akalia kwa sauti. Tulichelewa tena, na hata mimi, bingwa wa kunung'unika, nilijifanya natazama viboko.